Sanamu ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Asubuhi mawingu mepesi, upepo wa kiasi, maji tulivu. Boti imetumia dakika kumi na tisa kutoka gatini hadi kisiwani.

Nimeanza kazi. Tangu nikiwa darasa la nne nimekuwa nikiliona jumba hili kutoka ng'ambo: paa jekundu, nguzo nyeupe, na miti iliyolizunguka kama watu wanaoficha kitu. Leo nimepita getini kwa miguu yangu, barua ya ajira mkononi.

Mkataba ni wa msimu wa mvua. Natakiwa kuandika kadi moja kwa kila sanamu iliyo bustanini: namba, jina, imetengenezwa kwa nini, urefu, upana, mahali ilipo, hali yake. Mwenye jumba, ambaye kila mtu humwita Madam, amenipa chumba kidogo kilichokuwa cha kupigia pasi. Kina meza moja, kabati la droo sita na dirisha linalotazama kidimbwi. Madam ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mjukuu wa Bibi aliyeitengeneza bustani hii. Hutembea haraka na huongea akitembea, kwa hiyo maelezo ya kazi nimeyapata nikimkimbilia nyuma.

Sanamu nimeziona kwa kupitapita tu. Mwanamume wa shaba amesimama kidimbwini, maji yakimfika magotini, anatazama moja kwa moja dirisha la jiko. Pete kubwa ya chuma imening'inizwa kati ya miti miwili, na upepo ukivuma nayo inavuma. Kichwa cha jiwe kimelala ubavu kwenye nyasi, kikubwa kuliko meza yangu. Nilitamani kuvipima vyote leo leo.

Mpishi, Mama Sufuria, ndiye aliyenipa chai. "Yule wa kidimbwini ni shemeji yako," ameniambia. "Miaka kumi na sita ananikodolea macho nikikata vitunguu, hajanisalimia hata siku moja."

Mjomba nimemwona kwa mbali, yuko juu ya ngazi. Ndiye mtunza bustani hapa. Nilimpungia mkono. Ameniitikia kwa mkasi.

Jumanne, 4 Machi
Rasharasha, saa moja hadi saa tatu. Kadi tatu. Shemeji ana sentimita 188 juu ya maji. Niliingia kupima kilichozama, nikateleza, nikalowa hadi kwapani. Kilichozama ni 51. Mama Sufuria amecheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa, 7 Machi
Jua kali asubuhi, mawingu mazito mchana, hakuna mvua.

Leo Madam ameniletea daftari la marehemu Bibi. Orodha ya sanamu zote, mistari arobaini na moja, mwandiko uliosimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride. Mstari wa mwisho unasema: "41. Msichana Anayekinga Maji. Jiwe jeupe. Amepiga magoti. Njia ya chini."

Nilimuuliza Madam njia ya chini iko upande gani. Akaacha kutembea. Ni mara ya kwanza kumwona amesimama.

"Hiyo ndiyo shida yetu," alisema. "Bibi alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita, tulihesabu. Zipo arobaini. Njia ya chini tumeikagua mwanzo hadi mwisho. Hakuna msichana wala goti."

Kisha akanieleza yote, akiwa amesimama vilevile. Kuna mfuko unaotunza majumba ya kale. Uko tayari kulichukua jumba na bustani, kukarabati paa, na kuwabakiza wafanyakazi wote. Mkaguzi wao atakuja Jumanne, tarehe 22 Aprili. Sharti lao ni moja: kila kitu kilicho kwenye orodha ya Bibi kiwepo, au ielezwe kwa maandishi kilitokaje na kilitoka mikononi mwa nani. Wakikataa, familia itauza kisiwa kwa watu wa hoteli, nao wameshasema wanataka nafasi wazi.

"Wakati ule mfanyakazi pekee aliyekuwa akilala hapa na kushika funguo zote ni mtunza bustani," alisema. "Najua ni mjomba wako. Ndiyo maana nakuambia mapema. Kadi ya arobaini na moja utaiandika wewe kama utakavyoandika nyingine."

Nimekaa na jambo hilo siku nzima. Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu: hata mimi niliamini Mjomba aliiuza. Nilikuwa shuleni maneno yalipoanza. Watu walinyamaza akipita. Madam alimnyang'anya ufunguo wa stoo, na tangu hapo vifaa vyake anaviweka chini ya ngazi za nje, amevifunika turubai. Hakuwahi kujitetea zaidi ya sentensi moja: "Sijawahi kuiona." Mtu asiye na kosa, nilifikiri, angepiga kelele.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua imeanza rasmi. Boti imechelewa dakika arobaini. Kadi mbili, zote zimelowa pembeni. Nimeziandika upya.

Ijumaa, 14 Machi
Mvua ya alfajiri, kisha anga safi. Majani yote yanang'aa.

Nimemkuta Mjomba njia ya chini anakata wigo. Njia hii iko nyuma ya jumba, upande wa bahari: kulia ukuta mfupi wa mawe, kushoto wigo wa miti midogo yenye majani magumu, iliyobanana hata mkono haupenyi. Una urefu wa mita thelathini na sita na umenyooka kama umechorwa kwa rula. Unanizidi kimo. Kwa kweli ni mzuri kuliko baadhi ya sanamu.

Kazi yake anaifanya hivi. Anapigilia kigingi mwanzo wa wigo na kingine mwisho, anavuta kamba katikati, kisha anakata kwa kuifuata kamba. Ndiyo maana wanamwita Mzee Kamba.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Umekuja kunipima na mimi?"

"Nikupime wewe una nini?"

"Mgongo. Andika hali yake mbaya." Hakucheka, lakini mkasi ulisimama kidogo.

Nilitaka kumuuliza juu ya Msichana. Nilifungua mdomo mara mbili. Mwishowe nikauliza kwa nini asishikiwe kamba na mtu badala ya kigingi, maana upepo ulikuwa ukiiyumbisha.

"Mtu huchoka," alisema, akaendelea kukata.

Jumatano, 19 Machi
Mvua kutwa. Kadi ya 28.

Jumapili, 23 Machi
Nyumbani. Nimemuuliza Mama kama aliwahi kuzungumza na kaka yake kuhusu ile sanamu. Amesema, "Mjomba wako ukimuuliza jambo mara mbili anaona umeshamjibia." Akaendelea kukunja nguo. Baadaye kidogo akasema, "Mimi nilimuuliza mara mbili."

Alhamisi, 27 Machi
Mawingu, joto. Nimemaliza kadi ya 40, benchi la vigae lililo na macho kumi na nane. Nimeyahesabu mara tatu. Mama Sufuria anasema usiku yanakuwa kumi na tisa.

Kadi ya 41 nimeandika namba tu.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua ya kishindo hadi saa nne. Kisha ukungu.

Leo sijui nianzie wapi. Nianze na droo.

Kabati langu lina droo sita na ya chini ilikuwa imekwama tangu nilipofika. Unyevu umeifanya ivimbe zaidi. Leo nimeing'oa kwa kisu cha Mama Sufuria, nikapata vitambaa vya pasi vilivyoliwa na nondo, na chini yake karatasi kubwa iliyokunjwa mara nane. Ni ramani ya bustani, ya mchoraji wa kwanza, yenye vipimo vyote. Nilikwenda kufunga mlango kama mwizi.

Sanamu zote zimewekwa alama ya mraba mdogo mweusi. Nimezihesabu kwa ncha ya penseli. Arobaini na moja. Mraba wa mwisho uko njia ya chini, ndani ya kijisehemu kilichoingia kwenye wigo kama kidirisha cha ukutani. Pembeni imeandikwa: mita 14 kutoka kona.

Nilitoka mbio na futi yangu. Hakuna kidirisha chochote. Wigo umenyooka, kijani kitupu. Basi kwa kuwa nilikuwa nimeshalowa, nikapima upana wa njia. Ramani inasema mita tatu. Nimepata mita moja na sentimita sabini na sita. Nikapima tena pale, na katikati, na mwisho wa njia. Moja na sabini na sita kote.

Ukuta wa mawe haujasogea. Mawe hayatembei. Mita moja na sentimita ishirini na nne za njia zimekwenda wapi?

Alhamisi, 3 Aprili
Jua. Jua kabisa, kama limetumwa.

Saa moja na nusu nilikuwa mbele ya Mjomba, ameketi kwenye ngazi za nje anakunywa chai.

"Mjomba, kamba unaiweka wapi? Juu ya mkato wa zamani kabisa?"

"Nje yake kidogo. Kidole kimoja."

"Kwa nini?"

"Mti huu ukikata ndani ya kuni yake ya zamani hauchipui. Unabaki kiraka cha kahawia. Mzee aliyenifundisha alinionyesha: weka kidole, vuta kamba, kata kilicho nje ya kamba tu. Sijavuka kidole siku zote."

"Unakata mara ngapi kwa mwaka?"

"Mvua zikianza na mvua zikiisha."

"Kwa miaka mingapi?"

Alitazama chai yake. Kisha akanyanyua turubai, akatoa kigingi chake cha mti mgumu, akanipa. Ubavuni kina mikato midogo midogo, imepangwa kumi kumi. Nimehesabu. Sitini na miwili. Kila akikata wigo hukata alama moja, na ya mwisho, ya mwezi uliopita, bado ilikuwa nyeupe.

Nilibaki nimekishika. Miaka yote hii nimekuwa nikimwona Mjomba kama mtu asiyejua kuweka kumbukumbu, kumbe ana shajara ya miaka thelathini na moja na hakuna ukurasa uliorukwa.

"Nipe kidole," nikasema.

"Cha nini?"

"Nipe tu, Mjomba."

Nikakipima upana kwa futi. Sentimita mbili kamili. Mama Sufuria alikuwa mlangoni na beseni. Akasema, "Haya, sasa wameanza kupimana vidole. Kesho watapimana masikio."

Mbili mara sitini na mbili ni mia moja na ishirini na nne.

Nimempigia hesabu Mjomba kwa kijiti, pale pale kwenye udongo. Nilimwonyesha ramani. Alipoanza kazi hapa njia ya chini ilikuwa imefungwa miaka sita, ngazi zake zilibomoka, na wigo ulikuwa pori. Kile kidirisha kilikuwa kimeshajaa majani. Yeye akavuta kamba kona hadi kona na kunyoosha, kama alivyofundishwa. Bibi hakuteremka tena, alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Msichana hakutoka. Wigo ndio uliomfuata, kidole kwa kidole, ukafunga mlango.

Mjomba aliifuata ramani kwa kidole hadi kwenye mraba wa mwisho. Kisha: "Unataka kusema nimemfungia mwenyewe."

"Nataka kusema yumo."

"Hesabu yako inasema yumo."

"Ndiyo."

"Hesabu ya watu ilisema nimemuuza." Akanyanyuka. "Wigo hauguswi. Ukitobolewa sasa hautajifunga kabla ya miaka kumi, na mimi sina miaka kumi ya kuutazama."

Nimerudi mezani nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja. Sikujua kama vitu hivyo viwili vinakaa kifua kimoja.

Jumamosi, 5 Aprili
Mvua ya vipindi. Nimemwomba Mjomba nitumbukize nondo ya chuma tu ndani ya wigo. Amekubali kwa shingo upande. Inagonga mashina kila ninapoisukuma, haipiti hata mita moja. Mikono yangu imechanika.

Jumanne, 8 Aprili
Mawingu. Nimemwambia Madam. Amesikiliza akitembea, amerudi, amesikiliza tena amesimama. "Kateni," amesema. "Kama yumo, yumo."

Mjomba amesema atakata yeye mwenyewe, au asikate mtu.

Ijumaa, 11 Aprili
Ukungu asubuhi, joto zito mchana, radi mbali.

Tumekata leo. Nimepima mita kumi na nne kutoka kona, nikafunga utepe mwekundu kwenye tawi. Mjomba alisimama mbele ya utepe muda, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani waliyegombana naye. Kisha akaanza, kwa mkasi kwanza, halafu msumeno.

Kila tawi lililoanguka nililiona kama la mwisho. Mama Sufuria aliacha jiko. Madam alishika mwavuli bila kuufungua. Tulifika nusu mita, mita moja, mita na robo. Nikawa nawaambia kila baada ya dakika, "Sasa, sasa hivi." Mita mbili. Tukatokea upande wa pili, kwenye mwanga.

Hakuna kitu. Mashina, udongo, kiota kikuukuu.

Tundu lina upana wa mlango. Ndani yake kahawia tupu, kama mdomo usio na meno. Mjomba alichukua jani moja, akalikunja, akalitia mfukoni. Hakunitazama.

Madam alisema, polepole, "Basi sasa tuna sanamu moja pungufu na tundu moja zaidi." Akafungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa haijaanza. "Jumatatu nataka kadi ya arobaini na moja. Andika imeibwa, na uandike nani alikuwa na funguo. Mengine wataamua wao."

Nimerudi kwa boti ya mwisho. Sikula.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili
Mvua. Nimeandika kadi kama nilivyoagizwa, kwa penseli. Nimeiweka droo ya chini, ile iliyokwama, na nimeiacha ikwame.

Jumatano, 16 Aprili
Mvua, upepo kutoka baharini. Pete ya chuma imevuma kutwa. Mjomba ameanza kukusanya vitu vyake chini ya turubai na kuvifunga kwa kamba. Nimemsalimu. Ameitikia vizuri, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Mama Sufuria ananipa chai yenye sukari nyingi bila kuulizwa. "Wewe umekosea mita," amesema. "Mimi niliwahi kutia chumvi kwenye keki ya harusi. Watu walihama meza."

Alhamisi, 17 Aprili
Manyunyu. Bahari ya kijivu.

Saa tano Mjomba amekuja chumbani kwangu. Hajawahi kuingia humu. Alivua viatu vya mvua mlangoni, akasimama kwenye vigae kwa soksi.

"Ile siku," alisema, "ulianzia wapi kupima?"

"Kwenye kona. Ramani inasema kutoka kona."

"Kona ipi?"

"Kona ya wigo, Mjomba. Ipo moja."

Akakohoa. "Na hiyo kona nani anaikata?"

Nilikuwa na penseli mkononi. Sikumbuki kuiweka chini, lakini baadaye nimeikuta sakafuni imevunjika.

"Wewe," nikasema.

"Mimi. Kwa kidole." Akanionyesha kile kile. "Ubavu naukata kwa kidole, na kichwa cha wigo, pale mwanzoni, nakikata kwa kidole. Unafikiri upande ule ndio uliokaa tu unanisubiri?"

Wigo umenenepa pia kwa mbele. Kona ya leo siyo kona ya ramani. Nimepima kutoka mahali ambapo zamani palikuwa hewa. Nilikata sentimita mia moja na ishirini na nne kabla ya kumfikia. Nilimgundulia Mjomba kosa la kidole, nikalirudia lile lile siku nane baadaye kwa futi ya chuma na ramani mkononi.

"Umejuaje?" nilimuuliza.

"Nimekaa siku sita natazama lile tundu. Mara ya kwanza maishani nina tundu la kutazama."

Tulicheka. Yeye ndiye aliyeanza. Nilitaka kukimbia kukata saa ile ile, akakataa: kuni ikilowa namna hii msumeno unachana, haukati. "Kesho asubuhi," alisema. "Na Madam asiambiwe. Tukikosa tena, tukose wawili tu."

Ijumaa, 18 Aprili
Saa kumi na mbili na nusu: mawingu ya juu, hakuna mvua, majani yanadondosha matone. Nilishika boti ya kwanza, ya wauza samaki.

Mita kumi na tano na sentimita ishirini na nne kutoka kona ya leo. Safari hii Mjomba alishika mwanzo wa futi mwenyewe, mimi mwisho. Hatukuweka utepe. Aliweka kidole.

Hakukata mlango. Aliingilia kwenye tundu la zamani, akawa anafungua kwa ubavu, tawi baada ya tawi, akinipa kila moja nikiliweka nje. Nilisikia pumzi yake, mkasi, na matone. Saa mbili na dakika kumi mkasi ulilia mlio mwingine.

Alirudisha mkono nyuma kama ameungua.

"Hiyo siyo kuni," alisema.

Nilijipenyeza chini ya kwapa lake. Kati ya majani kulikuwa na kitu cheupe, kikubwa kama ngumi. Bega. Niliweka kiganja juu yake. Baridi, laini, lenye ukungu wa kijani. Nilisema jambo ambalo sijui ni nini. Mjomba anasema nilisema "Shikamoo."

Tulimfungua taratibu kuanzia juu. Nywele zilizosukwa, paji, pua yenye mkwaruzo mmoja, mdomo unaokaribia kucheka. Amepiga magoti. Mikono ameinyoosha mbele, viganja vimeungana kukinga maji, vimejaa majani makavu ya miaka yote hiyo, yamegeuka udongo mweusi. Kati ya mikono na kifua chake kumepita shina moja nene kama kifundo cha mkono wangu. Limeota chini, limepita katika duara la mikono, limetokea juu begani na kuvimba mahali linapogusa jiwe.

Mjomba akashika msumeno. "Tumtoe mtoto wa watu."

"Usikate."

"Limembana."

"Mjomba, usikate. Mkaguzi atasema umeirudisha wiki hii. Atasema uliogopa ukaguzi, ukairudisha ukaifunika majani." Nilikuwa nimemshika mkono wenye msumeno kwa mikono yangu miwili. "Shina haliwezi kuingia hapo kwa wiki. Hilo shina ndilo shahidi wako."

Alilitazama lile shina. Alilifuata kwa macho kutoka udongoni hadi begani, kisha kutoka begani hadi udongoni. Msumeno akauweka chini, akaketi kwenye matawi yaliyokatwa, akafunika uso kwa kofia.

Nilimwacha. Nilikwenda jikoni nikamwambia Mama Sufuria, naye ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yetu sote.

Madam alikuja bila viatu. Alisimama mbele ya tundu muda mrefu, mtu ambaye hawezi kusimama mahali pamoja. Alimwona msichana, akaliona shina, halafu akamgeukia Mjomba.

"Ulisema hujawahi kuiona," alisema.

"Sikuwa nimeiona."

"Ndiyo," alisema Madam. "Ndivyo ulivyosema."

Jumamosi, 19 Aprili
Jua hadi saa sita, mvua fupi. Mjomba ametoa udongo viganjani mwa msichana kwa kijiko cha Mama Sufuria. Ilipopita mvua, viganja vikajaa maji hadi ukingoni, vikamwagika. Tumesimama kuangalia kama watoto. Nimeitoa ile kadi ya penseli droo ya chini. Nimeichana vipande kumi na sita.

Jumanne, 22 Aprili
Asubuhi safi baada ya mvua ya usiku. Mwanga wa kuumiza macho. Boti, dakika kumi na nane, rekodi yangu.

Mkaguzi ni mwanamume mwembamba mwenye sauti ndogo, asiyeamini kitu mpaka akiguse. Nilimpenda mara moja. Alizunguka na kadi zangu, akagusa sanamu arobaini, akapima tatu kwa kushtukiza. Shemeji alimpa 188. Aliniangalia juu ya miwani.

Kwenye ya arobaini na moja alisimama sana. Alichungulia, akarudi nyuma.

"Hii iliandikwa kuwa haipo kwa miaka kumi na moja," alisema. "Imeonekana siku nne kabla sijafika. Nitajuaje haikurudishwa?"

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo ya kurasa mbili. Mjomba alinitangulia. "Ingiza mkono," alimwambia.

Mkaguzi alikunja shati, akaingiza mkono katika duara la mikono ya msichana, akalizungusha shina kwa vidole, akasukuma, akavuta. Halikutikisika. Alipapasa mahali mti ulipovimba juu ya bega. Alikaa humo hadi miwani ikapata ukungu. Kisha akatoa mkono, akajifuta, akaniomba kadi.

Nimeiandika mbele yake, kwa wino. Mahali ilipo: njia ya chini, mita 14 kutoka kona ya ramani. Hali: nzuri, mkwaruzo mmoja puani, shina limepita mikononi. Kwenye mstari wa maelezo niliandika: "Haijawahi kutoka." Akatia sahihi chini yake. Mfuko unaichukua bustani.

Baada ya boti yake kuondoka, Madam alimpa Mjomba ufunguo wa stoo. Alimnyooshea mbele yetu sote, jikoni. "Ungepaswa kuwa nao miaka yote hii. Nilikukosea."

Mjomba alitazama mikono yake. "Weka mezani," alisema. "Nina udongo."

Alinawa kwenye beseni, polepole, hadi kwenye viwiko, kucha moja moja. Mama Sufuria alimshikia taulo. Ndipo akauchukua.

Jioni nilidhani amekwenda kuhamisha vifaa vyake. Nilimkuta njia ya chini na kamba. Madam anataka njia irudishwe mita zake tatu ili msichana aonekane. Patakuwa kahawia kwa muda, lakini Mjomba amesema atapanda miche mipya nyuma ya mashina. Alikuwa amepigilia kigingi kimoja, kwenye kona ya zamani. Nilitafuta cha pili kwa macho. Kilikuwa mfukoni mwake.

"Shika hapa," alisema, akanipa ncha ya kamba.

"Mtu si huchoka?"

"Ukichoka utasema."

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua hadi kamba ikanyooka, ikapita mbele ya magoti ya msichana. Alinitaka nisogee kushoto, kidogo, kidogo tena, hapo hapo. Tumekata hadi mwanga ulipokwisha. Nimekosa boti, nimepewa chumba cha juu kinachotazama bahari, na pete ya chuma inavuma taratibu. Kabla ya kupanda nilipita kwenye ngazi za nje. Kigingi kilikuwa pale juu ya turubai lililokunjwa, kina mikato sitini na mitatu.

Nimezima taa saa tano na robo. Saa nane kasoro dakika tano nimeiwasha tena, bado niko macho.